Kindu: Sababu gani kompyuta inakataa kuwaka kisha kuwekewa kerneli mpya?

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kwa wenye secrétariat public, wenye cyber, masomo na biro za Kindu, hiyo ilileta ulizo moja: mashini zenye tunatumia kila siku zitaenda wapi? Windows 11 inaomba chipu inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashini nyingi za occasion hazina vitu hivyo.

Kununua mpya si jambo ndogo katika muji ambako vitu vinafika kwa ndege, kwa treni ya SNCC kutoka upande wa kusini, ao kwa boti juu ya mto. Tena tangu uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, njia moja ya mizigo ya Maniema ilikatika. Ndiyo maana mafundi wamoja wanageukia Linux, mfumo wa uendeshaji (ile watu wanaita sisteme) ambao hauuzwi na unakubali mashini za zamani.

Lakini mwenye mashini 20 hawezi kuketi mbele ya kila moja na kujibu maulizo ileile mara 20, wakati groupe inakula mafuta. Anatayarisha kazi iende yenyewe kupitia rezo. Na wakati mwingine, juu ya kutafuta wepesi, anaongeza kerneli aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Hapo ndipo mambo yanaharibika: kazi inaonyesha imeisha vizuri, mashini zinazimika na kuwaka tena, na kisha kunabaki kioo cheusi. Habari hii inaeleza sababu gani inafika vile, na namna ya kutoka.

Kerneli ni nini?

Kerneli ni kiini cha sisteme. Ni programu inayosimama kati ya vyombo vya mashini (prosesa, diski, kadi ya rezo, kioo) na programu ambazo mutu anatumia. Mutu akibonyeza ili barua yake iandikwe kwenye diski, programu ya barua haigusi diski yenyewe. Inaomba kerneli, na kerneli ndiyo inasema na diski.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Mtu yeyote anaweza kuchukua maandishi yake, kuyabadilisha na kujitengenezea kerneli yake. Vikundi vinavyotayarisha Linux kwa watu wote, kama Debian na Ubuntu, vinatoa kerneli iliyo tayari yenye piloti za vyombo vya aina nyingi sana. Debian 12, ya mwaka 2023, ilikuja na kerneli 6.1. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 mwezi wa nane 2025, ilikuja na kerneli 6.12.

Je, kerneli ya kujitengenezea inahitajika kweli?

Mara nyingi, hapana. Sababu ya kwanza ambayo mafundi wanatoa ni wifi: kadi haionekani, basi wanafikiri kerneli haina piloti yake. Kumbe mara nyingi piloti iko. Kinachokosa ni fimuwea, yaani programu ndogo ambayo inapaswa kuingizwa ndani ya kadi yenyewe ili iamke. Zamani Debian haikuweka fimuwea zisizo huru ndani ya vyombo vyake vya kuweka sisteme. Wanamemba wake walipiga kura mwaka 2022 kubadilisha hiyo, na tangu Debian 12 zinakuja pamoja. Fundi anayetumia diski ya miaka ya nyuma hataziona.

Sababu ya pili ni mashini za bit 32. Debian 13 haitoi tena kerneli wala chombo cha kuweka sisteme kwa mashini hizo. Mutu anaweza kusema: basi nitatengeneza kerneli yangu. Lakini hata vifurushi vingine vya bit 32 katika Debian 13 vilitayarishwa kwa prosesa za bit 64, kwa hiyo kerneli peke yake haitaokoa kitu. Mashini kama hiyo ibaki kwenye Debian 12. Tena ni vizuri kuhakikisha kwanza: amri `lscpu` inaonyesha kama prosesa inakubali bit 64, na mashini mingi zinazohesabiwa kuwa wazee, kama zile za Core 2 Duo za tangu 2006, zinakubali.

Kunabaki hali ambazo kerneli ya pekee iko na maana: chombo kipya sana ambacho kerneli ya Debian haijakijua, sahihisho ambalo bado halijafika, ao kazi ya masomo ambapo wanafunzi wanajifunza kerneli yenyewe. Kwa hizo, fundi anapaswa kujua namna kazi inavyotembea.

Kerneli tatu katika kazi moja

Namna ya kawaida ya kuweka sisteme kupitia rezo inaitwa PXE. Mashini inawaka bila diski wala clé USB. Kadi yake ya rezo inaomba anwani kwa seva. Seva inaipa anwani na kuionyesha mafaili mawili ya kuvuta: kerneli moja, na furushi linaloitwa initrd lenye vyombo vya kwanza. Kisha mashini inasoma faili ya majibu (kwa Debian inaitwa preseed) ambamo fundi ameandika mbele majibu yote: luga, saa, namna ya kugawanya diski, neno la siri. Vifurushi vinavutwa kutoka seva, vinawekwa kwenye diski, na mwishoni mashini inawaka tena peke yake.

Katika kazi hiyo moja mnapita kerneli tatu. Ya kwanza ni ya chombo cha kuweka sisteme: inaishi ndani ya memoria tu, na inapotea wakati kazi inaisha. Ya pili ni ya Debian, inayowekwa kwenye diski. Ya tatu ni ile ya fundi, ambayo inaongezwa juu.

Karibu makosa yote yaliyo chini yanatoka kwa kuchanganya kerneli hizo tatu. Kwa hiyo, mbele ya kubadilisha chochote, ulizo la kwanza ni hili: mahali mashini ilisimama, ni kerneli gani ilikuwa inafanya kazi?

Ikisimama katikati ya kazi

Kosa la kwanza linajulikana kwa maneno yake. Chombo cha Debian kinasema kwamba hakikupata moduli za kerneli: «No kernel modules were found». Ama kinaenda mbele kidogo na kusema hakioni diski yoyote, wakati diski iko mzima.

Sababu ni hii: initrd inayopita kwenye rezo ni ndogo. Haibebi piloti zote. Inavuta zingine kutoka seva ya vifurushi, na inadai zile zenye namba ya kerneli iliyo sawasawa na yake. Sasa Kindu hali ni hii mara nyingi: mafaili ya kuwashia yalikopiwa zamani na kubaki kwenye clé, lakini diski yenye vifurushi ilijazwa nyuma ya pale, wakati mutu alipata koneksio nzuri. Kati ya siku hizo mbili Debian ilibadilisha kerneli yake. Namba hazipatani tena.

Dawa si kutengeneza kerneli. Ni kuchukua kerneli na initrd upya, zote mbili, kutoka mahali palepale na siku ileile vifurushi vilichukuliwa. Mutu anayekopi diski ya vifurushi ili kuleta Kindu, akopi na folda ya mafaili hayo pamoja.

Kosa hilohilo linatokea kwa fundi anayeweka kerneli yake mwenyewe upande wa PXE, mahali pa ile ya Debian. Kerneli inawaka vizuri, rezo inajibu, halafu hakuna piloti ya diski, kwa sababu seva haina moduli za kerneli ambayo fundi mwenyewe aliibatiza jina. Kanuni ni nyepesi: chombo kitumie kerneli yake mwenyewe, na kerneli ya fundi iingie mwishoni tu, ndani ya diski.

Ikimaliza bila kulalamika, lakini kerneli haionekani

Katika preseed kuko mstari unaoitwa `late_command`, unaofanyika mwisho kabisa. Hapo ndipo fundi anaingiza kifurushi chake:

`d-i preseed/late_command string wget -O /target/tmp/k.deb http://192.168.1.10/k.deb && in-target dpkg -i /tmp/k.deb`

Mambo mawili katika mstari huo yanadanganya watu. La kwanza ni njia za mafaili. Wakati huo diski mpya inaonekana kama folda `/target`. Lakini amri iliyo nyuma ya `in-target` inafanyika ndani ya diski hiyo, na kwayo faili ileile iko kwenye `/tmp`. Mwenye kuandika `/target/tmp` pande zote mbili, ama `/tmp` pande zote mbili, hatapata kitu.

La pili ni alama kati ya amri. Mutu akitenganisha amri kwa `;`, chombo kinaangalia tu kama amri ya mwisho ilifaulu. Ile ya katikati ikianguka, hakuna atakayejua. Kwa `&&`, amri moja ikianguka, zinazofuata haziendeshwi na kioo chekundu kinatokea. Ni afazali mashini moja isimame na kusema, kuliko 20 kunyamaza.

Kuko na mtego wa tatu, wenye kufichika zaidi. Mafundi wengi wanaandika `uname -r` ndani ya skripti ili kujua namba ya kerneli, kisha wanatengeneza piloti ya wifi ao initrd kwa namba hiyo. Lakini `uname -r` inajibu kwa kerneli inayotembea wakati huo, hata ikiitwa ndani ya `in-target`. Na inayotembea ni ya chombo cha kuweka sisteme, si ile ya kesho. Piloti inatengenezwa kwa kerneli ambayo itapotea ndani ya dakika tano.

Mbona skripti hiyohiyo ilifanya kazi zamani? Kwa sababu kerneli ya chombo na ile Debian inaweka kwenye diski mara nyingi ziko na namba moja. Ilikuwa bahati. Siku kerneli ya fundi inaingia, bahati inaisha. Skripti inapaswa kuandika namba kwa jina lake, ao kusoma majina yaliyo ndani ya `/lib/modules` kwenye diski mpya.

Ikiwaka na kuanguka

Hapa maneno ya kioo yanasema mengi, na kupiga picha kwa telefone mbele ya kuzima ni jambo la lazima.

Kioo kikisema «Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)», kerneli iliamka lakini haina initrd yake, ama initrd haikutengenezwa vizuri, na kerneli yenyewe haina piloti ya diski ndani. Fundi anawasha na kerneli ya Debian, anatengeneza initrd kwa `update-initramfs -c -k` na namba kamili ya kerneli yake, kisha `update-grub`.

Mashini ikisimama kwenye maneno `(initramfs)` na kusema kwamba diski yenye UUID fulani haiko, hiyo ni hali ingine. Initrd iko na imefanya kazi, lakini haioni diski. Mara nyingi kerneli ilitengenezwa kwa amri `make localmodconfig`, inayobakisha tu moduli zilizokuwa zinatumika kwenye mashini ambamo amri ilifanyika. Tuseme fundi alitumia laptop yake mpya yenye diski ya NVMe. Kerneli inatoka ndogo na nyepesi, lakini inaweza kukosa piloti ya diski za SATA zilizo katika mashini za zamani. Kwake inaenda vizuri; kwa wengine wote inaanguka. Kwa kundi la mashini zisizofanana ni afazali kuanza na konfigirasio ya kerneli ya Debian, inayokaa kwenye `/boot`, na kubadilisha tu kile kinachohitajika.

Kioo kikisema «bad shim signature», diski haina kosa. Ni Secure Boot, ulinzi ulio katika mashini za miaka ya karibuni, unaokataa kerneli isiyo na sahihi inayojulikana. Kerneli ya Debian iko na sahihi. Ya fundi haina. Fundi anaweza kuzima Secure Boot katika BIOS, ama kutia sahihi yake mwenyewe na kuiandikisha. Lakini kuandikisha kunataka mutu aketi mbele ya kioo na kuingiza neno la siri wakati mashini inawaka. Kwa hiyo kazi ya kujiendesha yenyewe inakatika hapo, na mwenye kupanga saa za groupe ahesabu wakati huo.

Mwisho, nafasi. Kerneli iliyotengenezwa pamoja na habari zake za uchunguzi inaleta moduli kubwa sana, na initrd inaweza kupita mega mia kadhaa. Kama `/boot` ilitengwa ikiwa ndogo, inajaa na initrd inabaki nusu. Kutia `INSTALL_MOD_STRIP=1` wakati wa kutengeneza kerneli kunapunguza uzito huo.

Mahali pa kusoma kilichotokea

Wakati kazi inaendelea, Alt+F4 inaonyesha maandishi ya chombo, mstari kwa mstari. Alt+F2 inatoa mahali pa kuandika amri. Kwenye chombo chenye picha, mutu anaongeza Ctrl. Kisha kazi kuisha, maandishi hayo yanabaki ndani ya diski, kwenye `/var/log/installer`. Kuyasoma kwa dakika kumi kunaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kujikinga katika muji wenye umeme wa kukatika

Umeme ukikatika wakati initrd inaandikwa, faili inabaki nusu. Mashini moja inaweza kusahihishwa kwa `dpkg --configure -a` na kutengeneza initrd upya, lakini mashini 20 ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo kazi ianze na mashini moja kwa kila aina, si zote mara moja. Seva iwe kwenye onduleur ama batri za jua. Na vifurushi viwe vyote kwenye seva ya ndani, ili koneksio isiguswe. Maandishi ya kerneli peke yake yanakaribia mega 150. Kununua mega hizo mara moja kunatosha.

Tena kerneli ya Debian isiondolewe hata siku moja. Ikae kama mlango wa pili. GRUB, programu inayochagua kerneli wakati wa kuwaka, inaweza kuambiwa ijaribu kerneli mpya mara moja tu: fundi anaweka `GRUB_DEFAULT=saved`, anatumia `grub-reboot`, na anaongeza neno `panic=10` kwa kerneli mpya. Kerneli ikianguka, mashini inangoja sekunde kumi, inawaka tena na, kama ile ya Debian ndiyo iliyowekwa kuwa ya kawaida, inarudi yenyewe kwenye hiyo. Hiyo inasaidia wakati mashini ziko Alunguli na fundi yuko ng'ambo ya mto, Kasuku, saa boti zimesha kusimama. Lakini mashini iliyoganda bila kuanguka itangoja mutu aizime na kuiwasha kwa mkono.

Wenye mashini waulize nini?

Mwenye cyber ao mkubwa wa masomo hahitaji kujua amri hizi zote. Lakini mbele ya kumwachia fundi mashini zake, kuko maulizo matatu ya kumuuliza. La kwanza: kerneli ya Debian inakosa nini hata tunahitaji ingine? Fundi asipokuwa na jibu la wazi, kerneli ya pekee haihitajiki. La pili: ikianguka, tunarudi namna gani kwenye ya zamani?

La tatu ndilo linalosahauliwa. Kerneli ya Debian inapokea masahihisho ya usalama pamoja na vifurushi vingine. Ile ya fundi haipokei kitu mpaka yeye mwenyewe aitengeneze tena. Fundi akihamia Kisangani ao Bukavu, mashini zitaendelea kuwaka, lakini matundu ya usalama yatabaki wazi, na mwenye mashini atarudi palepale alipokuwa na Windows 10. Basi ulizo ni hili: nani ataitengeneza upya mwaka kesho, na maagizo yake yameandikwa wapi?